Taarifa ya Kukatika kwa Umeme: Sheria ya Saa, ya Asilimia au ya Lalamiko?

Umeme unapokatika eneo zima, shirika huwa limekwisha kujua kabla hujainua simu. Laini ya kilovolti 33 au 11 ikijikata kwenye kituo cha kupoza umeme, walio zamu katika chumba cha udhibiti huiona kwenye skrini zao na kuanza kutafuta chanzo. Hali ni nyingine kabisa fyuzi ya transfoma inapoungua, au fezi moja, yaani mmoja wa nyaya tatu zinazobeba umeme mtaani, inapopotea na kuziacha nyumba nane gizani huku jirani akiendelea kutazama taarifa ya habari, au tawi la mwembe linaposhusha waya unaoingia kwa mtu mmoja. Huko chini, kwenye nyaya za volti 400 na 230, mashirika mengi hayana chombo kinachotazama. Anayetazama ni mteja. Simu yake ndiyo kipimo cha kwanza, na mara nyingi ndiyo kipimo pekee.

Kwa sababu hiyo, kanuni inayosema simu ile ichukuliweje ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Makala haya yanalinganisha namna nne ambazo sheria za nchi mbalimbali zimeishughulikia taarifa ya mteja, na yamekusudiwa kumsaidia mtu anayetakiwa kuchagua: mjumbe wa kamati ya mtaa, chama cha watumiaji, au mfanyabiashara anayeandika maoni yake pale mdhibiti anapowaita wadau kujadili rasimu ya kanuni mpya. Mizani niliyoitumia ni swali moja tu. Mteja akishapiga simu na kupewa namba ya taarifa, ni kitu gani kinachoanza kuhesabika kisheria?

Taarifa na lalamiko ni vitu viwili

Kabla ya kulinganisha nchi, ipo tofauti moja ambayo usipoishika mapema itakupotosha njia nzima. Kuripoti kwamba umeme umekatika ni jambo moja, na kulalamika kwamba shirika halikushughulikia ripoti hiyo ni jambo jingine. Kanuni za Uingereza za mwaka 2008 kuhusu namna kampuni za gesi na umeme zinavyopaswa kushughulikia malalamiko zinaitaja tofauti hiyo waziwazi: lalamiko ni kauli yoyote ya kutoridhika inayohitaji jibu, lakini taarifa ya kukatika kwa huduma haimo ndani ya tafsiri hiyo. Mwenye kupiga simu mara 30 kusema "hakuna umeme huku" anaweza kuwa ametoa taarifa 30 na asiwe amewasilisha lalamiko hata moja.

Hali ya huku kwetu Afrika Mashariki haiko mbali na hapo, ingawa si kila mahali imeandikwa kwa uwazi huo. Mdhibiti hulishughulikia lalamiko lenye jina la mlalamikaji, jina la mtoa huduma, maelezo ya kilichotokea na nafuu inayoombwa. Orodha ya simu zilizopigwa usiku haina sura hiyo, hata kama kila simu ilipokelewa kwa adabu.

Nitaeleza tukio moja ili jambo lenyewe lionekane. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji ambao sitautaja, nilipiga simu saa 1 usiku kuripoti fezi iliyopotea. Mhudumu alikuwa mstaarabu. Alichukua namba ya mita, akahakikisha jina la mtaa, akanisomea namba ya taarifa nami nikaiandika nyuma ya risiti ya unga. Asubuhi saa 3, mama wa nyumba ya pili, ambaye huuza samaki na barafu kutoka kwenye friza moja, alikuja kuniuliza kama nimepata jibu. Maji ya barafu yalikuwa yameshafika kizingitini kwake. Nikapiga tena na kuisoma ile namba. "Hiyo imeshafungwa, kaka. Inaonyesha mafundi walifika." Hakuna fundi aliyekuwa amefika. Nilipewa namba mpya, na umeme ukarudi saa 9 alasiri. Kwenye kumbukumbu za mtoa huduma, naamini, siku ile zilikuwapo hitilafu mbili, moja ya usiku na moja ya mchana, wala haikuwapo hitilafu moja ya saa 20.

Nani mwenye mamlaka ya kuifunga taarifa? Kanuni zile za Uingereza za 2008 husema, kuhusu malalamiko, kwamba lalamiko huhesabiwa limetatuliwa pale mlalamikaji mwenyewe anaporidhika. Kwa taarifa ya kukatika kwa umeme, kigezo cha namna hiyo ni adimu, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Sheria ya saa: Uingereza

Mfumo wa Uingereza, unaotumika England, Wales na Scotland, ndio mfano ulio wazi zaidi wa sheria inayohesabu saa. Kanuni za Viwango vya Utendaji wa Umeme za mwaka 2015 zilieleza kwamba umeme ukikatika kwa hitilafu ya mtandao katika hali ya hewa ya kawaida, na hitilafu ikiwa imegusa wateja wasiofika 5,000, kampuni ya usambazaji ina saa 12 za kuurudisha. Saa hizo huanza kuhesabiwa pale kampuni inapoarifiwa na mteja, au pale mitambo yake yenyewe inapoigundua hitilafu. Zikipita, mteja wa nyumbani alistahili pauni 75 na mteja wa biashara pauni 150, kisha pauni 35 kwa kila saa 12 zilizoongezeka. Hitilafu iliyogusa wateja 5,000 au zaidi ilipewa saa 24. Viwango vya fedha vimekuwa vikirekebishwa tangu wakati huo, lakini umbo la kanuni ni lile lile.

Ninachokipenda katika mfumo huu ni kwamba hauulizi umepata hasara gani. Huhitaji risiti ya samaki walioharibika wala barua ya fundi wa friji. Mambo mawili tu yanatosha, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na yote mawili yanapaswa kuwa kwenye kumbukumbu za kampuni. Hata fyuzi ya kampuni iliyo nyumbani kwa mteja ina kipimo chake: akipiga simu siku ya kazi kati ya saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, fundi anatakiwa kufika ndani ya saa 3, na mwishoni mwa juma, kwa simu iliyopigwa kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni, ndani ya saa 4. Asipofika, kanuni za 2015 ziliweka pauni 30. Aliyeandika kifungu hicho anaonekana kuwa mtu aliyewahi kukaa sebuleni akisubiri fundi.

Kwa kuwa huko kampuni unayoilipa bili siyo kampuni inayomiliki nyaya, wateja wengi walikuwa wakipiga simu pasipohusika. Mwaka 2016 ikaanzishwa namba moja ya bure, 105, inayompeleka mpigaji kwenye kampuni ya usambazaji ya eneo lake. Ni jambo dogo kwa macho, ila bila hilo saa ya kisheria isingeanza kuhesabiwa kwa mtu asiyejua jina la kampuni yake.

Mfumo una matundu. Hali mbaya ya hewa huhamisha hesabu kwenda kwenye saa 24 au 48 kulingana na ukubwa wa dhoruba, na ipo orodha ya sababu zinazoiondolea kampuni wajibu, kama vile migomo au kushindwa kuingia kwenye eneo la mteja. Wateja waliokatikiwa umeme mara 4 au zaidi ndani ya mwaka mmoja wa hesabu, kila mara kwa saa 3 au zaidi, walistahili malipo ya ziada, lakini ilibidi wayadai wenyewe. Asiyejua kudai hapati. Dhoruba Arwen ya tarehe 26 Novemba 2021 ilionyesha udhaifu mwingine: karibu nyumba 4,000 zilikaa bila umeme kwa zaidi ya wiki moja, na mdhibiti Ofgem alipochunguza alikuta kwamba wateja walihangaika kupata simu kupokelewa na walipewa makadirio ya saa za kurudi kwa umeme yasiyoaminika. Kikomo cha malipo cha pauni 700 kwa mteja, kilichokuwamo kwenye kanuni za dhoruba, kilionekana kidogo mno kwa kaya iliyokaa gizani siku 8 za baridi kali.

Sheria ya asilimia: Afrika Kusini

Afrika Kusini ina kiwango kiitwacho NRS 047, ambacho watoa huduma wenye leseni hupimwa nacho. Baada ya umeme kukatika bila kupangwa, asilimia 30 ya wateja walioguswa wanatakiwa kurudishiwa ndani ya saa 1 na nusu, asilimia 60 ndani ya saa 3 na nusu, asilimia 90 ndani ya saa 7 na nusu, na asilimia 98 ndani ya saa 24.

Kwa mdhibiti, hiki ni chombo kizuri, kwa sababu kinampa picha ya shirika zima na kumwezesha kuuliza kwa nini wilaya fulani inabaki nyuma mwaka hadi mwaka. Kwa mteja mmoja hakina makali. Katika wateja 10,000 waliokatikiwa, 200 wanaweza kuendelea kukaa gizani baada ya saa 24 na kiwango kikahesabiwa kimefikiwa, na ukiwa mmoja wa hao 200, simu yako haijaanzisha haki yoyote yenye jina lako. Sioni sababu ya kukaa hapa zaidi: kama unaandika maoni kwa niaba ya mtaa, asilimia ziombwe kama nyongeza, zisiombwe kama msingi.

Sheria ya lalamiko: Tanzania na Kenya

Tanzania Bara imejenga ulinzi wa mteja juu ya lalamiko. Sheria ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, Namba 11 ya mwaka 2001, ambayo sasa ni Sura ya 414, inaipa EWURA wajibu wa kupokea lalamiko dhidi ya mtoa huduma, kulichunguza na kujaribu kulisuluhisha kwa maelewano. Ikishindikana, shauri husikilizwa na uamuzi hutolewa. Amri zinazoweza kutolewa ni pana. Mtoa huduma anaweza kuamriwa atoe huduma, atekeleze wajibu wake mahususi, arejeshe fedha au alipe gharama. Asiyeridhika hukata rufaa Baraza la Ushindani. Pembeni kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, lijulikanalo kama EWURA CCC, ambalo humsaidia mteja asiyejua aanzie wapi. Msomaji wa Zanzibar akumbuke kwamba njia hii si yake, kwa kuwa umeme na maji si mambo ya Muungano. Huko mdhibiti ni ZURA na msambazaji ni ZECO.

Kenya inafanana na Tanzania katika ngazi, ila msingi wake umekaa juu zaidi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro za bidhaa au huduma hizo, na inasema wazi kwamba hayo yanahusu hata huduma zinazotolewa na taasisi za umma. Chini yake kuna Sheria ya Nishati ya 2019, iliyounda EPRA kama mdhibiti na kuweka Mahakama Maalumu ya Nishati na Petroli kwa ajili ya migogoro. Mkenya anayebishana kuhusu huduma mbovu anasimama juu ya Katiba. Hilo si jambo dogo mbele ya jaji, ingawa ibara yenyewe haitaji saa wala kiasi, na anayedai hasara atatakiwa aithibitishe.

Nguvu ya njia ya lalamiko ni upana wake. Kipimo cha saa hakiwezi kushika kila kitu. Volti zilizopanda ghafla na kuunguza friji, umeme unaofifia kila jioni hadi feni inageuka mapambo, transfoma iliyozidiwa inayolipuka kila msimu wa joto, mhudumu anayefunga taarifa bila kazi kufanyika: yote hayo yanahitaji mtu wa kusikiliza, kuita pande mbili, kukagua eneo na kuamua. Kwa kiwanda cha kusaga nafaka kilichopoteza mota ya mamilioni, njia hii ndiyo yenye maana, na malipo yoyote ya kiwango maalumu yangekuwa dhihaka kwake.

Udhaifu wake unaonekana mzigo wa kudai unapozidi thamani ya kilichopotea. Chukua yule mama wa samaki. Hasara yake ya siku ile labda ilikuwa shilingi 60,000. Ili aipate kwa njia ya lalamiko, aandike kwanza kwa mtoa huduma, asubiri, kisha aandike kwa mdhibiti, aambatishe ushahidi, ajibu barua, na pengine afike kusikilizwa. Hata kama hatatozwa hata senti kwa kufungua shauri, siku mbili za kufunga biashara na nauli za kwenda na kurudi zimekwisha kula nusu ya anachodai. Mtu mwenye akili timamu atanyamaza, na ukimya wake utahesabiwa kuwa ni kuridhika. Mdhibiti akitazama takwimu za malalamiko, ataona malalamiko machache ya kukatika kwa umeme na mengi ya ankara na ucheleweshaji wa kuunganishiwa, kwa kuwa hayo mawili ndiyo yenye fedha za kutosha kumtoa mtu nyumbani.

Njia ya kati: India

India inastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko Uingereza, kwa sababu mtandao wake, hali yake ya vijijini na idadi ya wateja wenye kipato kidogo vinafanana na vyetu kuliko vya London. Sheria ya Umeme ya 2003 ilizipa tume za udhibiti mamlaka ya kuweka viwango vya utendaji, na ikasema katika kifungu cha 57 kwamba mtoa huduma asiyevifikia atawajibika kumlipa mteja aliyeathirika fidia itakayopangwa na tume. Kifungu cha 42 kikamtaka kila msambazaji aunde jukwaa la kushughulikia malalamiko ya wateja, na juu yake akawekwa msuluhishi asiye mfanyakazi wa kampuni.

Tarehe 31 Desemba 2020 serikali kuu ikatangaza Kanuni za Haki za Watumiaji wa Umeme. Hapo ndipo taarifa ya mteja ilipopata hadhi ya kisheria. Msambazaji anatakiwa kuwa na kituo cha simu cha bure kinachofanya kazi saa 24 siku zote 7, na mfumo mmoja wa kumbukumbu unaounganisha njia zote ambazo mteja anazitumia, ili aliyepiga simu jana asionekane mgeni anapotuma ujumbe leo. Kukosa umeme kupita muda uliowekwa na tume ya jimbo, na kukatikiwa mara nyingi kupita idadi iliyowekwa, ni miongoni mwa mambo yanayozaa fidia. Na pale ambapo kipimo kinaweza kufuatiliwa kwa mbali, fidia inatakiwa ilipwe moja kwa moja bila mteja kuidai. Malalamiko nayo yakawekewa ukomo wa siku 45.

Kuna mambo mawili ya busara ndani ya mpangilio huo. La kwanza ni kwamba kanuni ya taifa haikutaja saa zenyewe. Iliziachia tume za majimbo, zinazojua umbali wa vijiji vyao na hali ya nguzo zao, na sheria mama inaruhusu viwango tofauti kwa makundi tofauti ya watoa huduma. La pili ni kuunganisha fidia ya moja kwa moja na kile kinachoweza kuthibitishwa na mitambo. Hapo hapo ndipo penye mtego. Kama fidia ya moja kwa moja hulipwa tu pale mitambo inapoona, basi mteja wa fezi iliyopotea, ambaye kilichomwona ni macho yake tu, anarudishwa kwenye foleni ya kudai. Vyombo vya ufuatiliaji huanzia kwenye laini kubwa na kushuka polepole, na wa mwisho kufikiwa ni yule wa mwisho wa laini.

Kuchagua

Kama wewe ni mwenye nyumba, mpangaji au mfanyabiashara mdogo, omba sheria ya saa. Kwa hasara ndogo zinazojirudia hakuna njia nyingine inayolipa. Kama wewe ni mwenye kiwanda, hospitali binafsi au hoteli, njia ya lalamiko na mahakama ya nishati ndiyo yenye kuweza kukurudishia hasara halisi, na ulinzi wako wa kwanza utakuwa masharti ya mkataba wako wa huduma. Malipo ya kiwango maalumu yatakuwa nyongeza tu. Hakuna sababu ya kumlazimisha mmoja atumie njia ya mwenzake, na nchi inaweza kuwa na zote mbili kwa wakati mmoja, kama Uingereza ilivyo nazo: ukiwa na lalamiko ambalo kampuni haijalimaliza ndani ya wiki 8, unaweza kulipeleka kwa msuluhishi wa nishati.

Hata hivyo, nisingeiga viwango vya Uingereza. Huko kampuni za usambazaji ni za wanahisa, na malipo yanapotoka, kwa kawaida ni faida ya wanahisa inayopungua. Shirika la umma linalomilikiwa na serikali kwa asilimia 100 likilipa fidia kubwa, fedha hiyo itatoka ama kwenye hazina ama kwenye bei ya uniti, yaani mteja wa Mwanza atachangia fidia ya mteja wa Tanga. Kenya Power ina sura ya kati, kwa kuwa serikali ina asilimia 50.1 na hisa zilizobaki zipo mikononi mwa wanahisa wengine kupitia Soko la Hisa la Nairobi. Kwa mazingira hayo ningependekeza fidia iwe ndogo lakini isiyokwepeka, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kuifanya kila taarifa iliyopuuzwa iandikwe kama gharama yenye tarakimu, ambayo meneja wa wilaya atatakiwa kuieleza.

Njia ya kulipa tunayo tayari, na nashangaa kwa nini haitajwi mara nyingi zaidi. Mteja wa LUKU, mfumo wa Tanzania wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, sawa na mteja wa tokeni nchini Kenya, hupokea umeme wake kama tarakimu 20 kwenye ujumbe wa simu. Fidia ya saa 12 inaweza kutumwa kwa njia hiyo hiyo, uniti kadhaa kwenye mita ile ile iliyoripotiwa, bila fomu, bila akaunti ya benki na bila mtu kufika ofisini.

Swali la majanga makubwa lisiachwe wazi. Kenya ilipoingia gizani karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, taarifa za wateja hazikuwa na kazi ya kugundua chochote. Kila mtu alijua. Ni halali kanuni iwe na saa tofauti kwa hitilafu ya gridi nzima. Ila msamaha huo uandikwe kwa maneno finyu, kwa sababu maneno "sababu zilizo nje ya uwezo wa shirika" yakiachwa yalivyo, hata mwembe uliopaswa kupunguzwa matawi miaka mitatu iliyopita utaingia humo. Umeme unaokatwa kwa matengenezo yaliyopangwa nao uwe na kifungu chake, chenye muda wa kutoa notisi. Uingereza huhesabu siku 2.

Ningeweka mkazo mkubwa zaidi kwenye kufungwa kwa taarifa kuliko kwenye saa zenyewe. Saa 6, saa 12 au saa 24 ni jambo la kujadiliana, na kijiji cha kilomita 70 kutoka kwenye gari la dharura hakiwezi kupewa saa za mjini. Lakini kama mtoa huduma anaweza kuifunga taarifa peke yake, muda wowote utakaoandikwa utatimizwa kwenye karatasi. Mfumo wa Uingereza una unafuu hapa kwa kuwa mdhibiti hukagua takwimu hizo na kampuni hupata au hupoteza mapato kutokana nazo. Mdhibiti asiye na wakaguzi wa kutosha anahitaji msaada wa mteja mwenyewe, na ujumbe mfupi wa simu unaweza kuifanya kazi hiyo.

Kifungu ambacho ningekiombea kura kwenye kikao cha wadau kingesomeka takriban hivi: "Mtoa huduma, mara apokeapo taarifa ya kukatika kwa umeme kwa njia yoyote, atamtumia mteja ujumbe wenye namba ya taarifa, tarehe na saa ya kupokelewa. Muda wa kurudisha huduma utahesabiwa kuanzia saa hiyo. Taarifa haitahesabiwa kuwa imefungwa mpaka mteja awe ametumiwa ujumbe wa kuulizwa kama huduma imerejea na akajibu kwamba imerejea, au saa 6 ziwe zimepita bila jibu lake. Mteja akijibu kwamba huduma haijarejea, taarifa itaendelea kwa namba ile ile na saa ile ile ya kuanza." Muda wa saa 6 ungeweza kubishaniwa, hasa kwa mtu ambaye simu yake imezimika chaji kwa sababu ya giza hilo hilo, na pengine ingefaa uwe saa 24 kwa kukatika kulikozidi usiku mmoja.